Sauti ya nani kwenye video?
Nimesoma makala inayosifu video za elimu kwa wasiojua kusoma, ila imewapitia juujuu wanaozifikisha: vikundi vya wenyeji. Kazi iko hapo. Scientific Animations Without Borders, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, hutengeneza katuni moja kisha huiwekea sauti za lugha mbalimbali. Kinachobadilika ni msimulizi tu. Chukua somo la kuhifadhi kunde kwenye mifuko ya tabaka tatu. Mfasiri wa ofisini atasema "kupunguza oksijeni", na mama aliyekaa mbele atamtazama jirani yake. Mwenyeji atasema "kaza kamba mdomoni mwa mfuko, wadudu wakose pumzi". Mama kaelewa, tena keshaanza kuuliza kamba gani. Digital Green, shirika linalowafundisha wakulima kwa video kule India, walikwenda mbali zaidi: waliwarekodi wakulima wenyewe, na wakati wa kuonyesha, mtu wa hapo hapo huisimamisha video katikati ili watu waulize. (Mimi kusoma najua, na bado video isiyosimama hunipita.) Halafu ripoti zinahesabu video zilizotazamwa! Mwandishi wa makala arudi atuulizie ni wangapi walifunga huo mfuko.