Dispensa ya ofisini huoshwa na nani?

Uliza kama wafanyakazi wana maji ya kunywa, utaoneshwa dispensa iliyosimama pembeni na mtungi juu yake. Mjadala umekwisha. Mimi huuliza swali la pili: huoshwa na nani? Hapo watu huanza kutazamana.

Maji yanaweza kutoka kiwandani yakiwa safi kabisa, yakaja kuchafukia ofisini. Chini ya mtungi kuna kitangi ambacho wengi hawajawahi kukiona. Vijidudu hujishikiza kwenye kuta zake na kutengeneza utando. Pitisha kidole kwenye mdomo wa koki iliyosahaulika miezi kadhaa, utausikia unavyoteleza. Mtungi mpya humwaga maji yake juu ya utando uleule. Na shingo ya mtungi, iliyotoka kuguswaguswa na mikono ambayo haijanawa, huzama moja kwa moja kwenye kitangi. Dawa yake wala si ngumu: chomoa waya wa umeme, mwaga maji yote, sugua, tia klorini kwa kipimo, suuza vizuri. Ugumu ni kwamba kazi hiyo haimo kwenye majukumu ya mtu yeyote.

Kuhusu vikombe sina mengi. Jimbo la Kansas, Marekani, lilipiga marufuku kikombe cha kuchangia katika sehemu za umma mwaka 1909, lakini leo bado utakuta karakana yenye kikombe kimoja cha plastiki juu ya ndoo.

Mkataba Na. 120 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaohusu biashara na ofisi, unataka wafanyakazi wapatiwe maji salama ya kutosha au kinywaji kingine salama. Lakini wanaoumia zaidi wako nje ya ofisi. Anayefanya kazi juani hushauriwa kunywa kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Atawezaje, ikiwa maji yako ghorofani na msimamizi anamhesabia safari? Wapo pia walinzi wa kike wanaojinyima maji tangu asubuhi kwa kuwa lindo halina choo. Mwajiri wa namna hiyo hata akinunua mitungi mia, hajawapa maji.

Kwa ofisini, ningeanza na karatasi ubavuni mwa dispensa: tarehe ya kuoshwa, jina la aliyeosha, sahihi. Mlangoni mwa choo karatasi kama hiyo ipo siku nyingi.