Geti la Mzee Bukari

Mimi siitwi Bukari. Naanza na hilo kwa sababu hapa Chuno, Mtwara mjini, ukiniulizia kwa jina nililopewa na wazazi wangu utazunguka mpaka jua lizame.

Chanzo ni simu. Msimu ule korosho zilinunulika vizuri mnadani, madeni nikalipa, zikabaki hela za geti. Mke wangu alitaka geti la bati kama la jirani, kazi ya wiki moja. Mimi usiku nimejilaza barazani, nikakutana na video ya wahunzi. Kumbe huko Jamhuri ya Czech, kwenye ngome ya Helfštýn, wahunzi wa mataifa mbalimbali hukutana mwishoni mwa Agosti wakafua chuma mbele za watu, na mkutano wao, Hefaiston, ulianza 1982. Ikaja nyingine ya Ypres, Ubelgiji. Pale mwaka 2016 wahunzi wa nchi nyingi walifua uzio wa mnara wa kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza, vita hiyohiyo iliyotufikia mpaka Mahiwa, kule Lindi, Oktoba 1917. Huyu kipande chake, yule kipande chake, vikakutanishwa vikaoana kama ndugu wa tumbo moja. Nikawa najiuliza wanawezaje. Mtangazaji ndiyo anaingia kwenye siri yao, bando likaisha.

Bando la buku tu. Ningeongeza, leo nisingekuwa Bukari.

Asubuhi nikatangaza kwamba geti letu litakuwa la kimataifa. Mke wangu akasema, "Baba watoto, geti ni la kuzuia mbuzi." Sikumjibu. Nikampata mzee wa kuchomelea wa Magomeni, Mtanzania. Nikampata mhunzi Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji hasa, aliyevukia Kilambo miaka mingi nyuma. Wa tatu Mmalawi, aliyekuja mjini enzi za gesi akakosa kazi ya gesi akabaki na mashine yake ya kuchomelea. Mataifa matatu. Ypres ndogo.

Nikakaa chini ya mwembe uani, uso nimeelekeza barabarani, nikachora kwenye daftari la mtoto. Bawa la kushoto KARI, la kulia BU. Likifungwa, mgeni anasoma KARIBU. Mzee wa Magomeni nikampa KARI, futi tano kwa saba. Yule wa Msumbiji futi hazimwingii kichwani, anahesabu kwa mita, basi nikampa BU, mita moja na nusu kwa mbili. Nilijiambia ni yaleyale. Mmalawi akabaki na nguzo na kufunga.

Ila nisiwe mwizi wa fadhila, yule Mmsumbiji anajua kazi. Nilikwenda kumtazama. Kijana anavukuta, makaa yanapumua, flatibaa inatoka motoni ina rangi ya embe dodo lililoiva, naye anaizungusha kwa nyundo juu ya kipande cha reli mpaka inajikunja kama mkia wa kinyonga. Aliniambia ile reli ni ya njia ya treni ya mradi wa karanga wa wakoloni kule Nachingwea, iliyong'olewa miaka ya 60. Sikubishana naye, nyundo alikuwa nayo yeye. Kila mkunjo akaukamata na mwenzake kwa pete ya chuma cha moto. Ikipoa inasinyaa na kubana, hakuna kuchomelea. Nikatoka pale natembea kifua mbele.

Siku ya kufunga, mafundi wote walisimama ndani ya ua kwa sababu ndiko kwenye kivuli. Kwanza mabawa hayakulingana. Futi saba na mita mbili zimepishana karibu nusu futi, geti likawa na bega moja juu na moja chini kama mtu aliyebeba ndoo. Katikati pakabaki mwanya. Mzee wa Magomeni akasema mita ni kipimo cha watu wavivu, Mmsumbiji akajibu kwa Kimakonde, jirani zangu wote wakacheka, mimi sikutafsiriwa. Mmalawi akaziba mwanya kwa nondo, kimya kimya.

Herufi kwa upande wetu zilikuwa kinyume, na hilo tulilitarajia. Tukapeana mikono. Nje, watoto walikuwa wanatoka shule. Mmoja wa darasa la kwanza akasimama, akanyoosha kidole, akasoma kwa sauti kama alivyofundishwa: "Bu. Ka. Ri."

Tulitoka mbio. BUKARI. Herufi nene, nzuri, zimefuliwa. Kushoto kwangu mimi wa chini ya mwembe ni kulia kwa mtu wa barabarani. Tukarudi ndani, hapo ndipo mke wangu alipotuonyesha kwamba ukikaa barazani, herufi zikiwa kinyume vile, bawa la kushoto linasomeka IRAK.

Nikasema wabadilishane mabawa. Mmalawi akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa: ukiyahamisha, bawaba zinakuja katikati, ukiyageuza, herufi zinatazama ndani. Dawa ni kukata herufi zote na kuchomelea upya, na bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na geti la bati.

Wiki iliyofuata tulikuwa na sherehe ya kutoka mwali. Shangazi wa mke wangu kutoka Tandahimba alipita mbele ya geti mara tatu, akaishia kula pilau nyumba ya pili, wasiomjua. Halafu akaja kijana na pikipiki anamdai mzee Bukari mifuko miwili ya salfa. Nikamwonyesha kitambulisho. Akakisoma, akalitazama geti, akakisoma tena. Aliamini geti.

Juzi nimeshuka stendi na mzigo wangu. Nikamwambia bodaboda anipeleke Chuno, nikaanza kumwelekeza, ukipita msikiti, ukikunja pale kwenye mwarobaini…

"Kwa Bukari?" akanikata. "Buku mbili."

Nikamwambia mwenye nyumba ile ni mimi. Akavua kofia, akainama kidogo.

"Oo! Shikamoo, mzee Bukari."

Jua kali, mzigo mzito.

"Marahaba," nikaitika, nikapanda.