Choo Chetu Kilikuwa Kinalia

Kwetu Kimara maji yana tabia ya mjomba mwenye hela. Unamngoja wiki nzima hatokei, siku akija anakuja saa tisa usiku, tena kwa kelele. Bomba linaanza kukohoa, linatema upepo, linatema kitu chenye rangi ya chai, ndipo maji yenyewe yanafika. Na ule upepo, ndugu zangu, mita nayo inauhesabu. Nimesimama pale na tochi nikashuhudia mita inazunguka huku koki inatoa hewa tupu. Mimi ni katika watu wachache jijini Dar es Salaam wanaolipia pumzi.

Hayo tulishayazoea. Baada ya ule mgao wa 2022, maji ya Ruvu yalipopungua, nilinunua tanki la lita 2,000 nikajiona mwanaume kamili. Kilichonitoa jasho ni bili ya mwezi uliopita. Uniti 31! Sisi huwa hatuvuki 12. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo kubwa 50. Hizo 19 zilizozidi ni ndoo 950. Nikamwita mke wangu, nikamuuliza kwa upole: "Mama Neema, ng'ombe umewaficha wapi?"

"Choo kinalia," akajibu. "Nakwambia tangu Pasaka."

Ni kweli kilikuwa kinalia. Usiku kilifanya ssss, taratibu, kama jirani anakaanga vitumbua. Mwenzenu kilikuwa kinanibembeleza.

Kijana anayesoma mita ndiye aliyenifumbua macho. Funga koki zote, akasema, halafu tazama ile nyota ndogo nyekundu kwenye kioo cha mita. Ikizunguka, jua maji yanatoroka. Nikafunga zote. Nyota ikawa inacheza singeli. Akaniambia tena: mimina rangi kwenye tanki la choo, usiflashi, subiri nusu saa. Rangi ikishuka yenyewe bakulini, mpira wa chini ya tanki umekwisha. Rangi sikuwa nayo, ila kabatini kulikuwa na pakiti ya unga wa juisi, ile nyekundu. Nikamimina yote, nikafunika, nikaenda zangu sebuleni.

Nilichosahau ni kwamba nyumbani tulikuwa na mama mkwe.

Alikuja kutoka Moshi kupima presha. Mama wa heshima zake, neno lake moja linakutosha siku nzima. Akaingia chooni. Akatoka amepungua. Hakunitazama, akamwita binti yake chumbani, mlango ukafungwa, nikaanza kusikia Kichaga kinakwenda kasi. Mke wangu akatoka machozi yanamlengalenga: "Mama anatoka damu."

Mtu mwenye akili angesema palepale. Mimi nilifungua mdomo, nikaanza kutafuta maneno ya kumweleza mama mkwe kwamba nilitia juisi mahali anapokalia, mdomo ukajifunga wenyewe. Nikasema tu: "Mwahisheni hospitali. Mimi nabaki namsubiri fundi."

Fundi akafika bajaji ikiwa bado haijaja. Huyu fundi wangu huja na mikono mitupu. Vifaa ni juu ya mwenye nyumba. Mama mkwe kakaa kwenye kochi, mkoba mapajani, ameinamisha kichwa. Fundi akapaza sauti kutoka koridoni: "Bosi, yule malaya wako wa mwaka juzi bado unaye?"

"Yupo, chini ya kitanda," nikajibu bila kufikiri.

Jamani, spana! Spana malaya, ile inayobana nati ya ukubwa wowote, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Lakini nani wa kuanza kumweleza hayo mama wa Moshi anayejiona anakufa? Mkoba niliona ameukumbatia kwa mikono miwili.

Walipoondoka fundi akaanza na jikoni, kwa kuwa harufu ya pale ilimpokea mlangoni. Akachungulia chini ya sinki, akatikisa kichwa. "Aliyefunga hapa si fundi, ni muuaji. Bomba limenyooka kama rula! Kona iko wapi?"

"Ulifunga wewe," nikamwambia. "Ulisema kona inachelewesha maji."

Akanyamaza. Binti yangu, ambaye kila kitu lazima akitafute kwenye simu, akasoma kwamba mwaka 1775 Mskoti mmoja, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda kama herufi S, ili maji yanayobaki kwenye ile kona yazibe harufu isipande. Na kazi yake ilikuwa fundi saa! Fundi saa kaliwaza hilo karne mbili na ushei zilizopita, wa kwangu anasema kona inachelewesha maji.

Tukaenda chooni. Ili abadilishe mpira ilibidi kwanza tufunge koki kubwa kule kwenye mita. Koki ile tangu tuhamie hakuna aliyewahi kuigusa. Nilisikia baadaye kwamba inatakiwa kuzungushwa mara mojamoja isigande, lakini hilo huambiwi mpaka ikatike. Ikakatika. Na siku hiyo, katika siku zote za Mungu, maji yalikuwepo, tena na presha ya kuzimia moto.

Fundi akaziba kwa kiganja, akapiga kelele niletee tyubu ya baiskeli. Kabla sijaipata, majirani wa mlimani ambako presha haifiki walishafika na ndoo. Hakuna aliyeuliza pole ya nini. Walipanga foleni. Bomba limekatika upande wa ndani wa mita, kwa hiyo kila ndoo iliyojaa ilipita kwangu kwanza, ikasoma, ndipo ikapanda mlima. Mama mmoja alirudi mara tatu, ya tatu kaja na pipa.

Mpira wenyewe uliponunuliwa ulikuwa wa shilingi elfu tano.

Usiku nikamwambia mke wangu ukweli wa ile damu. Alicheka hadi akauma mto. Halafu akaniapiza: nikithubutu kumwambia mama yake, nitajibu pia habari za yule aliye chini ya kitanda. Vipimo vikatoka, mkojo safi kabisa, ila presha ilikuwa juu, na daktari akauliza kama kuna jambo limemshtua nyumbani.

Jumapili mama mkwe alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Aliona damu kwa macho yake, akasema, na leo hata tone. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilisema mbili.