Sun City walitunga mji uliopotea, wakati mji wa kweli uko jirani

Niseme kwanza, The Palace of the Lost City, ile hoteli ya "mji uliopotea" pale Sun City, eneo la kasino na mapumziko Afrika Kusini, ni jengo zuri. Kamari siiongelei, naongelea ujenzi. Ukikaa kule chini kwenye bwawa linalopiga mawimbi, mchanga kama wa pwani na bahari iko mbali huko, ukiinua macho unaona minara na makuba yamechomoza juu ya miti, pembe za ndovu zimetokeza, sanamu za wanyama kila kona, na sehemu kubwa ya hayo unayodhani ni mawe ya kuchonga ni zege limemiminwa kwenye kalibu likapakwa rangi mpaka likaonekana la kale. Mafundi walifanya kazi jamani. Na lile Daraja la Wakati, linaloigiza tetemeko la ardhi kwa saa maalumu, likianza kunguruma na kutikisika watoto wanapiga kelele kwa raha.

Kinachoniuma mimi ni hadithi iliyobeba ramani yote ile. Sol Kerzner, tajiri aliyeijenga Sun City, na wasanifu wake wa kampuni ya WATG, akiwemo Gerald Allison, walipofungua hoteli mwaka 1992 walikuja na ngano kwamba zamani kuna watu walihama kutoka kaskazini wakaja kujenga jumba hilo bondeni, halafu tetemeko likabomoa kila kitu. Kwa nini watoke kaskazini? Wazungu walisema hivyohivyo kuhusu Great Zimbabwe, magofu ya mji wa mawe kule Zimbabwe, mara Wafoinike, mara Malkia wa Sheba, ilimradi tu asiwe Mwafrika wa palepale, na mabishano yakaendelea miaka na miaka wakati mwanaakiolojia Randall-MacIver alishachimba mwaka 1905 akasema wazi kuwa ni kazi ya wenyeji.

Sasa pale Sun City ni kwa Watswana. Kasino yenyewe ilifunguliwa 1979 pale kwa sababu kamari ilikuwa marufuku Afrika Kusini ila Bophuthatswana iliruhusiwa, yaani ile "nchi" ambayo makaburu waliwatengea Watswana. Na Watswana walijenga miji ya mawe! Molokwane iko upande wa Rustenburg, si mbali na hoteli. Kaditshwene iko karibu na Zeerust, mmisionari John Campbell alifika mwaka 1820 akakadiria watu kati ya 16,000 na 20,000, mji mkubwa kabisa kwa wakati ule. Kwa hiyo jina la Watswana lilitumika kupata kibali cha kamari, halafu kwenye kuchora jumba wakaletwa mababu wa kubuni.

Na msidhani ingekosekana cha kuchora. Miji ile ina kuta za mawe zilizopinda pinda kama maua, kila nyumba na ua wake mbele na mwingine nyuma, katikati mazizi ya ng'ombe na kgotla ambapo wanaume walikaa kuamua kesi. Hebu fikiria hoteli imepangwa hivyo, unatoka ua unaingia ua, mapokezi yako kwenye duara la kgotla, kuta fupi unaweza kukalia jioni, halafu mgeni akiuliza nani alijenga hivi zamani, mhudumu anamjibu ni babu zangu, na kesho yake basi la hoteli linampeleka Molokwane akaone mawe yenyewe.