Kliniki ya kisukari na swali la sonona

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari asubuhi, hukosi kuisikia kauli hii: "Mawazo ndiyo yamenipandishia sukari." Mara nyingi daktari huipita, huandika namba iliyotoka kwenye mashine na kuongeza dozi ya metformin, dawa ya kushusha sukari. Lakini wagonjwa hawa hawako mbali na ukweli. Thomas Willis, tabibu wa Uingereza wa karne ya 17, aliandika kwamba huzuni ya muda mrefu huleta kisukari. Leo tunajua njia hiyo inapitika pande zote mbili. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, humfungia mtu ndani, humfanya aache dawa na ale ovyo, na homoni kama kortisoli hupandisha sukari. Kisukari nacho ni mzigo usiotuliwa hata siku moja. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa uwezekano wa mwenye kisukari kuwa na sonona ni kama mara mbili ya ule wa asiye nacho.

Ndiyo maana wapo wanaotaka kila mgonjwa wa kisukari aulizwe maswali ya sonona kliniki. Mimi niko upande huo, ingawa si kwa wepesi niliokuwa nao zamani.

Kilichonipeleka huko ni mama yangu mdogo. Kwa karibu miaka miwili tulimwita mkaidi. Vidonge alikuwa akiviruka, chai aliinywa na sukari kama kawaida, na kila mwezi alikaripiwa kliniki, akirudi nyumbani sisi nasi tunamkaripia. Aliulizwa amekula nini. Hakuulizwa analalaje, wala kwa nini ameacha kwenda kwenye kikoba alichokuwa mweka hazina wake. Tulichokiita ukaidi kilikuwa ugonjwa, na ninaamini wengi wanaoitwa wabishi kwenye kliniki zetu wako kama yeye.

Hata hivyo, wanaopinga wana hoja nzito. Dodoso la sonona linalotumika sana, PHQ-9, lina maswali tisa na limeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Manne kati ya hayo yanahusu usingizi, uchovu, hamu ya kula na umakini. Mtu mwenye sukari ya 18, iliyo juu sana, anaweza kujibu ndiyo kwa yote manne huku roho yake imetulia kabisa: usiku ameamka mara tano kwenda kukojoa, asubuhi hana nguvu, njaa haimwachi. Atahesabiwa ana sonona, kumbe anahitaji sukari ishuke.

Kuna jambo jingine linalofanana na sonona lakini silo. Mwaka 1995 William Polonsky na wenzake huko Marekani walitunga dodoso la kupima namna kisukari chenyewe kinavyomchosha mtu: hofu ya kukatwa mguu, hasira ya kukatazwa vyakula, kuhisi umeshindwa kila namba inapopanda. Kwetu ningeongeza bei ya stripu za kupimia sukari. Uchovu huu unahitaji elimu, masikio ya kusikiliza na nafuu ya gharama. Mama asiye na hela ya stripu ukimpa kidonge cha sonona, umemkosea. Tena amitriptilini, dawa ya sonona ambayo ni ya bei rahisi na imezoeleka, inaweza kumwongezea uzito na kumpandishia sukari hiyohiyo.

Halafu lipo swali la tisa, linalogusa mawazo ya kifo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inataja jaribio la kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ya Kenya ilikibatilisha kifungu cha aina hiyo Januari 2025. Kuwaza si kujaribu, lakini mgonjwa mwenye hofu hatofautishi hayo mawili, atanyamaza.

Je, kuuliza kunasaidia? Mwaka 2004 utafiti wa jimbo la Washington ulitibu sonona ya wenye kisukari. Huzuni ilipungua, sukari haikutikisika. Mwaka 2010, katika jimbo hilohilo, wauguzi walifuatilia sonona na sukari kwa pamoja, na vyote viwili vikapata nafuu. India nayo ilifanya hivyo kwa wagonjwa 404 katika kliniki nne, matokeo yakatoka mwaka 2020 yakielekea kulekule. Kwa hiyo kuuliza peke yake hakutoshi, lazima anayeuliza aendelee kumfuatilia mgonjwa.

Kwamba wauguzi ni wachache, ni kweli. Lakini Zimbabwe tangu 2006 imewafundisha mabibi wa mitaani kuketi na wenye huzuni kwenye mabenchi ya nje ya zahanati, na mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Kwa hiyo mimi ningeanza na maswali mawili ya kwanza ya dodoso, la kukosa hamu ya mambo na la kukata tamaa, kwa sababu hayo sukari haiyaigi kirahisi. Akijibu ndiyo, sukari ishushwe, stripu zitafutwe, aulizwe tena baada ya wiki kadhaa. Jibu likibaki lilelile, hapo ndipo zamu ya mshauri na, ikibidi, ya kidonge kilichochaguliwa kwa kuangalia sukari yake.

Kwa mama yangu mdogo, muuguzi mmoja alifunga faili akamwuliza, "Shangazi, siku hizi nini kinakufurahisha?" Alilia kabla ya kujibu. Tulikuwa tumekaa naye nyumba moja muda wote huo.