Sado ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa wangu anauza dagaa Mwanga, hapa Kigoma. Za jumla anapima kwa mzani wa umeme, za rejareja kwa sado, kile kindoo cha kupimia. Alipochoka kuandika risiti kwa mkono akaniita: "Wewe si umesomea kompyuta?" Nikamwambia Ijumaa kila kitu tayari. Hakuna aliyenilazimisha kutaja siku.

Programu niliiandika kwa C++, lugha ya kuandikia programu, kwa siku mbili. Waliotuuzia mzani walinipa flashi yenye laibrari yao (msimbo ulio tayari) ya kusoma uzito, iliyokompailiwa mwaka 2014 kwa GCC 4.8, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Laptopu yangu ina mfumo wa Ubuntu 22.04 na GCC 11. Kuiunganisha na programu yangu tu, ikagoma: eti fanksheni ya kusoma mzani haionekani. Nikaichungulia laibrari kwa nm, amri inayoorodhesha majina yaliyomo, na fanksheni imo, imetulia kama mdaiwa ambaye watoto wamesema hayupo nyumbani. Kilichotofautiana ni kwamba jina lililokuwa linatafutwa lilikuwa na "__cxx11" katikati. Nikapuuza.

Nikafuta kila kitu nikakompaili upya. Nikazima mashine, nikawasha. Ijumaa mchana nikauona mwanga (si huu tunaokaa): laibrari ya kizamani lazima inamtaka mwenzake wa kizamani! Nikachukua libstdc++ 6.0.19, laibrari ya msingi ya C++, kutoka kwenye laptopu kuukuu ya kaka, nikauelekeza mfumo mzima huko.

Brauza ikafa. Nikaita apt, fundi wa kusakinisha programu, initengenezee, nayo ikanijibu haioni GLIBCXX (alama ya toleo la libstdc++) ya namba fulani, ikakaa kimya. Kumbe apt yenyewe imeandikwa kwa C++. Nilikuwa nimemlisha sumu daktari ndipo nikaenda kumwamsha. Mama mkubwa akapiga simu: "Mwanangu, Ijumaa hii au ijayo?"

Kilichoniokoa ni kwamba sudo (amri ya kupata mamlaka) na ln (ya kuelekeza jina kwenye faili) zimeandikwa kwa C, hazimhitaji libstdc++, na faili lake halisi, 6.0.30, sikuwa nimelifuta. Amri moja, pumzi ikarudi. Ndipo nikasoma kwa adabu. GCC 5 ya mwaka 2015 ilibadilisha umbo la std::string, chombo cha C++ cha kubebea maandishi: ya zamani ni baiti 8, mpya ni baiti 32, jina lile lile. Hiyo "__cxx11" iliwekwa makusudi ili mbili hizo zisichanganywe. Nikakompaili programu yangu kwa -D_GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=0, yaani itumie umbo la zamani, ikaunganika bila kukohoa.

Jumamosi nikaenda dukani. Risiti ya kwanza ikatoka, kilo 42.6, mama mkubwa akaishika kwa ncha za vidole kama picha ya harusi. Ningeondoka hapo. Lakini akauliza: "Sasa jana ilikuwa inasumbuliwa na nini?"

Nikatafuta mfano anaoujua. "Mama, ni kama sado. Yako ni sado, ya jirani ni sado, jina moja. Lakini moja ikiwa imebonyezwa kitako kwa ndani, haibebi sawa. Ukizichanganya, hesabu inakataa."

Kimya. Mteja mmoja kutoka Kasulu, aliyekuwa ameshapimiwa sado sita, akaishusha mifuko yake taratibu. Akainyanyua sado ya mama mkubwa, akaipindua.

Kitako kilikuwa kimeingia ndani kama vidole vinne hivi.

"Ni joto," mama mkubwa akasema. "Plastiki hizi zikikaa juani zinajikunja."

"Zote zinajikunjia ndani?" mteja akauliza, maana alikuwa ameshaipindua na ya pili.

Ilibidi aongezewe sado mbili za bure, na wengine wawili waliokuwa nyuma yake wakadai wapimiwe kwa mzani. Risiti zikatoka moja baada ya nyingine, safi kabisa, sijawahi kuona programu yangu ikifanya kazi vizuri kiasi kile. Mama mkubwa hakunitazama hata mara moja.

Jioni aliniita nichukue malipo yangu. Sado tatu za dagaa. Alizipima mwenyewe, na ile iliyobonyea.