Tuache Kumwita Mnene Mvivu

Kuna utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, ambao ulitakiwa uwe umeshabadilisha namna tunavyozungumza na watu wanene. Umetimiza zaidi ya miaka kumi sasa. Lakini kliniki, redioni na kwenye vikao vya harusi maneno ni yale yale: umenenepa kwa sababu hujishughulishi.

Herman Pontzer, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikwenda na wenzake kwa Wahadzabe akiwa na dhana ambayo wengi wetu tunayo. Wahadzabe wale waliishi kwa kuwinda kwa upinde, kuchimba mizizi kwa fimbo iliyochongwa ncha na kupanda mibuyu kufuata asali. Wanaume walikuwa wakitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Ilitarajiwa kwamba miili yao ingekutwa inachoma kalori nyingi mno kuliko ya Mmarekani anayeshinda kitini ofisini, na kwamba tofauti hiyo ndiyo ingeeleza kwa nini watu wa mijini wananenepa.

Namna walivyopima inastahili kuelezwa. Mtu alikunywa maji yenye haidrojeni na oksijeni za aina nzito, zisizodhuru mwili, kisha kwa siku kadhaa akawa anatoa mkojo kidogo wa kupimwa. Haidrojeni ile hutoka mwilini kwa njia ya maji tu, yaani mkojo, jasho na unyevu wa pumzi. Oksijeni hutoka kwa njia hizo hizo, lakini nyingine hutoka ndani ya kaboni dayoksaidi tunayopumua nje. Ukilinganisha kasi ya kupungua kwa hizo mbili, unajua mwili umetoa kaboni dayoksaidi kiasi gani, na kwa hiyo umetumia nishati kiasi gani. Hakuna dodoso, hakuna kukumbuka umekula nini juzi. Ndiyo maana nayaamini matokeo yake kuliko tafiti nyingi za lishe.

Mwaka 2012 matokeo ya Wahadzabe 30 yalichapishwa. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, kwa sababu wao ni watu wa umbo dogo, nishati waliyotumia kwa siku haikupishana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Kutembea kote kule, kuchimba kote kule, na jumla ikawa ile ile.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukizoea kazi nyingi, unabana matumizi kwingine: kinga ya mwili inaacha kuwaka ovyo bila ugonjwa, na homoni za msongo zinapungua. Wapo wanasayansi wanaompinga, wakisema mazoezi huongeza matumizi ya nishati kuliko anavyokubali yeye. Ubishi huo ni halali na uendelee. Hata hivyo, vipimo vya Eyasi haviondoki, na imani kwamba mtu mwembamba ni mwembamba kwa sababu anachoma zaidi imeyumba vibaya.

Sisemi watu waache mazoezi. Wahadzabe wana presha ya chini na mioyo yenye afya hata uzeeni, na kujishughulisha kwao kuna mchango mkubwa hapo. Kimbieni, tembeeni, chezeni mpira. Ninachopinga ni kumwahidi mtu kwamba kitambi kitaisha kwa kukimbia tu, halafu kisipoisha tunamlaumu.

Namfahamu mama lishe mmoja mtaani kwetu. Saa kumi alfajiri anakanda unga wa chapati. Anachota maji, anabeba masufuria, anasimama mbele ya jiko hadi jioni. Ni mnene, na nimewasikia wateja wake, wanaokuja kukaa na kuhudumiwa, wakimwambia, "Mama, fanya mazoezi kidogo." Inaniuma kila ninaposikia. Kazi anayo ya kutosha. Kutwa lakini hakai kula mlo kamili. Anakunywa chai ya sukari nyingi, anamega chapati iliyokaangwa, na mchana joto likimzidi anafungua soda. Soda ya nusu lita ina sukari ya gramu 50 hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Vitu hivyo havishibishi kulingana na nishati iliyomo ndani yake, na ndivyo vya bei nafuu na vilivyo karibu naye.

Kisingizio cha umri nacho kimepimwa. Mwaka 2021 Pontzer na kundi kubwa la watafiti walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400, kutoka watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Kati ya miaka 20 na 60 umetaboli, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, haushuki, ukizingatia ukubwa na muundo wa mwili. Kwa hiyo kitambi cha miaka 40 hakiji kwa sababu mwili umepoa. Kisha mwaka 2025 ukatoka utafiti wa watu zaidi ya 4,000 kutoka jamii 34, wakulima, wafugaji, wawindaji na watu wa nchi zenye viwanda, nao ukaelekeza kule kule: tofauti ya unene kati ya jamii inatokana na chakula kuliko upungufu wa kujishughulisha. Vyakula vilivyosindikwa sana vilitajwa waziwazi.

Basi kampeni zetu dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza zihamishe uzito. Bonanza la mazoezi ni zuri, ila nguvu kubwa iende kwenye bei ya mafuta na sukari ikilinganishwa na bei ya maharage na matunda, kwenye maandishi ya sukari yanayosomeka kwa Kiswahili juu ya chupa, na kwenye lango la shule ya msingi, ambako saa nne asubuhi mtoto mwenye shilingi mia tano anapata juisi ya rangi na biskuti kabla hajaliona chungwa.